Ile wiki nzuri baada ya kipigo

Wadogo zangu, leo sitaanza na kipigo. Kipigo tunakijua. Hata mpangaji wa chumba cha pili anakijua, maana kuta za nyumba zetu za kupanga hazizuii sauti. Nataka tuanze na siku zinazofuata, zile ambazo hakuna jirani anayezisikia, kwa sababu ni siku za utulivu na ni nzuri.

Mnazijua. Amerudi mapema, jua halijazama, mkononi ana mfuko wa chipsi kuku. Kesho yake kakuletea doti ya kanga. Anawaogesha watoto, kitu ambacho tangu mwaka uanze hakukifanya. Usiku anakaa ukingoni mwa kitanda na machozi yanamtoka, machozi ya kweli, anasema shetani alimpitia, anasema bila wewe yeye si kitu. Anampigia mama yako simu ukiwa unasikia: "Mama, nimekosa, nisamehe." Na wewe, ambaye juzi tu ulikuwa unapiga hesabu ya nauli ya kurudi kwenu, unamtazama na kumwona yule kijana uliyempenda. Unajiambia, huyu ndiye mume wangu. Yule mwingine ilikuwa pombe. Yalikuwa madeni. Alikuwa shetani.

Wengi mnaoiandikia kona hii hamkielezi kipigo kwa kirefu. Mnaieleza wiki hii. Halafu mnauliza: Dada, mtu mbaya anawezaje kuwa mwema namna hii?

Nakujibu kwa mapenzi yote niliyonayo kwako, mdogo wangu. Hiyo wiki nzuri ni sehemu ya ukatili. Kama angekuwa anapiga tu, bila chipsi, bila kanga, bila machozi, ungekuwa umeshaondoka zamani. Kinachokufunga pale ndani ni wema unaokuja baada ya kipigo.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alitoa kitabu baada ya kuwasikiliza wanawake wengi waliokuwa wakipigwa na waume zao. Alisikia mzunguko unaojirudia. Kwanza hewa ya nyumba inakuwa nzito: chumvi imezidi, mlango unafungwa kwa kishindo, wewe unapita kwa kunyata na watoto unawanyamazisha kabla hajasema neno. Kisha panalipuka. Kisha inafuata hiyo wiki ya mapenzi, kila mmoja anapumua, na kidogo kidogo hewa inaanza kuwa nzito tena. Waliomfuata Walker walionyesha kwamba si kila nyumba inakwenda hivyo. Ziko nyumba ambazo radhi haiombwi hata siku moja. Na hata pale inapoombwa, miaka ikipita utaona wiki imekuwa siku mbili, siku mbili zimekuwa soda moja baridi, mwisho hata soda haiji. Kufikia hapo ameshajua kwamba huondoki.

Miaka miwili baada ya kitabu hicho, Donald Dutton na Susan Painter wa Kanada waliandika kuhusu kile kinachomfunga mtu kwa anayemuumiza. Walitaja mambo mawili. La kwanza ni nguvu zisizolingana, mmoja yuko juu na mwingine yuko chini. La pili ni ubaya na wema kupishana bila ratiba. Hili la pili ndugu yako anayebeti anaweza kukueleza vizuri. Mkeka ungekuwa unachanika kila siku, angeshaacha. Kinachomshika ni kwamba unachanika, unachanika, unachanika, halafu siku asiyoitegemea unatiki, na furaha ya siku hiyo moja inamsahaulisha hasara ya miezi. Tangu enzi za B. F. Skinner wanasaikolojia wamelipima jambo hili kwa wanyama na kwa watu: tuzo inayokuja kwa kubahatisha inamng'ang'aniza mtu kuliko ile inayokuja kila mara. Ndivyo ubongo wa binadamu ulivyoumbwa, wa msomi na wa asiyesoma, wa mcha Mungu na wa asiyeswali. Kwa hiyo usiyasome haya kama tusi kwa akili yako. Akili yako haina kasoro.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Ukishakaa usiku mbili tatu kwenye hofu, mwili wako unatamani kitu kimoja tu, kutulia. Na mwenye uwezo wa kukutuliza ni yule yule aliyekutisha. Akitabasamu, mabega yanashuka, pumzi inarudi, chakula kinapita kooni. Mwili unaupokea utulivu huo na kuuita mapenzi. Tena ni nani mwingine unayeweza kulia mbele yake? Mama umemwambia uliteleza bafuni. Kazini umesema ni mlango. Anayejua ukweli wote duniani ni yeye peke yake, kwa hiyo hata kilio cha kipigo unakililia begani kwa aliyekupiga. Upweke huo hautokei kwa bahati mbaya. Unajengwa, na nitakuonyesha unavyojengwa.

Lakini kwanza tuiongelee hasira, maana barua zenu zimejaa neno hilo. "Mume wangu ni mtu mzuri, tatizo lake ana hasira za karibu." Haya, mfuatilie siku nzima. Trafiki amemsimamisha na kumwandikia faini anayoona si haki, amesema "sawa afande." Bosi amemfokea mbele ya wenzake, ameinamisha kichwa. Mwenye nyumba amemdai kodi barazani wapangaji wakisikia, amemwomba subira kwa adabu. Hasira hizo zote aliziweza. Za kwako tu ndizo hakuziweza, tena baada ya mlango kufungwa na redio kuongezwa sauti. Na ule mkono unaosemwa haukujizuia ulijua kuchagua mgongo na mapaja, mahali gauni linapofunika. Mtu aliyeshindwa kujizuia hachagui pa kupiga.

Pombe nayo inazidisha ukali wa kipigo, sikatai. Lakini wapo walevi wengi ambao wakirudi wanalala, na wapo wanaume wasiogusa hata tone ambao wake zao hawalali. Pombe haimfundishi mtu kwamba mke ni mali yake. Fikra hiyo alikuwa nayo kabla ya chupa ya kwanza.

Kipigo kina kazi. Kazi yake ni kukufanya uwe mdogo ili yeye atawale bila kupingwa. Mwaka 1984, katika mji wa Duluth huko Minnesota, wanawake waliopitia ukatili waliulizwa waeleze walichotendewa, na maelezo yao yakachorwa kama gurudumu. Katikati yaliandikwa mamlaka na udhibiti. Ndani ya gurudumu yakawekwa mambo yanayofanyika kila siku: vitisho, dharau, kubanwa kwa pesa, kutengwa na watu, watoto kutumiwa kama fimbo. Kipigo kilichorwa kwenye ukingo wa nje, pale panaposhikilia vyote vya ndani. Maana yake anaweza kukupiga mara moja kwa mwaka na mwaka mzima ukaishi kama mtu anayepigwa kila siku, kwa sababu unajua linawezekana. Evan Stark aliandika kitabu kizima kuhusu udhibiti huu mwaka 2007, na mwaka 2015 Uingereza iliutungia sheria: kumtawala mwenzi kwa vitisho na masharti ya kila siku ni kosa la jinai huko, hata kama hakuna kidonda.

Kwetu udhibiti huo una sura zake. Anataka namba ya siri ya simu yako na ya M-Pesa, na yeye ya kwake huijui. Hela ya matumizi anaiacha juu ya meza kila asubuhi, jioni unaitolea hesabu mpaka ya kiberiti. Kikoba amekukataza, kwa sababu wanawake wa kikoba "wanafundishana ujinga." Shoga yako mmoja baada ya mwingine amepewa kasoro: huyu malaya, yule mbea, wifi yako mchawi. Kwenye msiba wa kwenu umeruhusiwa siku moja. Ukimkumbusha alichosema jana, anakuambia hakusema, umechanganyikiwa, nenda kaombewe. Kila moja ukilitazama peke yake ni dogo. Unasema ni wivu, ananipenda. Mwaka wa tatu unajikuta huna shoga, huna senti, na hujiamini hata kwenye kumbukumbu zako mwenyewe. Hapo ndipo upweke niliousema unapokuwa umekamilika, na hapo ndipo bega lake linabaki kuwa bega pekee.

Ukitaka kujua uko wapi, usihesabu vipigo. Jiulize ni mara ngapi kwa siku unasema moyoni "sijui atasemaje" kabla ya kufanya jambo dogo kabisa: kusuka, kumpigia dada yako, kununua nyanya za mia tano zaidi. Jiulize kama unaweza kumwambia "hapana" na usiku ukalala.

Sasa niseme kuhusu hisia ya kujilaumu, kwa sababu ina siri yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia Tanzania wa mwaka 2015-16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu yoyote kati ya tano: kaunguza chakula, kambishia, katoka bila kuaga, hajawaangalia watoto, kamnyima unyumba. Wanawake 58 kati ya kila 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Wanawake walizidi. Wengi wakiisikia takwimu hii wanasema, mnaona, wanawake wenyewe wanapenda. Mimi siisomi hivyo hata kidogo. Mtu anayeishi na hatari asiyoweza kuizuia hutafuta sababu, na sababu anayoipenda ni ile iliyo mikononi mwake. Kama nilipigwa kwa sababu ugali ulikuwa mbichi, basi kesho nitausonga vizuri nami nitakuwa salama. Kujilaumu kunampa matumaini kwamba ufunguo anao. Ndiyo maana ukimwambia "si kosa lako" hafurahi mara moja. Umemwondolea lawama, ndiyo, na umemwondolea pia imani kwamba anaweza kuzuia kipigo kijacho. Mpe muda.

Na uongo wa zile sababu unaonekana wenyewe. Ugali ukiwa mzuri, itakuwa mboga. Mboga ikiwa nzuri, itakuwa namna ulivyomtazama.

Watu wananiuliza, tena wengine kwa ukali: kwa nini hawaondoki? Kulikuwa na nadharia iliyosema wanakata tamaa. Martin Seligman alikuwa amefanya majaribio kwa mbwa miaka ya 1960, akaona mbwa waliopigwa shoti ya umeme bila njia ya kukwepa walifika mahali wakalala tu, hata pale njia ilipofunguliwa. Walker aliichukua fikra hiyo akaitumia kwa wanawake. Ina ukweli wake kwa baadhi. Lakini mwaka 1988 Edward Gondolf na Ellen Fisher walitazama kumbukumbu za wanawake zaidi ya 6,000 waliokimbilia nyumba salama huko Texas, wakakuta jambo tofauti: wengi walikuwa wametafuta msaada mara nyingi, na kadiri kipigo kilivyozidi ndivyo walivyozidi kutafuta. Waliokuwa wamelala ni wale walioombwa msaada.

Niambieni kama hapa kwetu ni tofauti. Dada mmoja alimwambia mama, mama akasema "vumilia mwanangu, hata baba yako alikuwa hivyo, leo si katulia?" Alimwambia somo yake, akaambiwa ajipendezeshe zaidi. Akaenda kwa mchungaji, akaambiwa afunge na kuomba. Mwenzake akaenda kwa shehe, akaambiwa asubiri. Akaenda kwa mjumbe, mjumbe akamwita mume, wakakalishwa wote wawili, wakaambiwa "wote mna makosa," wakapeana mikono, wakarudi nyumbani. Mnajua usiku ule ulikuwaje? Mwanamke hawezi kusema ukweli kwenye kikao ambacho anayempiga amekaa mkabala naye na ndiye atakayefunga mlango baada ya kikao. Baba yake naye ana wasiwasi, ng'ombe wa mahari walishatumika kumwozesha mwanawe wa kiume. Huyu dada alibisha hodi kwenye milango minne. Msimwite mjinga wala mtu aliyekata tamaa.

Na si wachache. Shirika la Afya Duniani lilipotoa matokeo ya utafiti wake wa nchi kadhaa mwaka 2005, Tanzania ikiwemo, kati ya kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, 41 wa Dar es Salaam na 56 wa Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mwenzi wao. Ukikaa kwenye daladala iliyojaa, wako humo.

Sheria yetu haimpi mume ruhusa ya kumpiga mkewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Soma tena, inasema mwenzi. Kaka unayepigwa na mkeo na unaona aibu kusema, kifungu hicho ni chako pia, na Dawati la Jinsia na Watoto haliwahudumii wanawake peke yao. Kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na cheti cha ndoa hakilifuti.

Wengine mnabaki kwa sababu ya nyumba. "Kajenga yeye, mimi mama wa nyumbani, nitatoka na nguo zangu." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika mali ya wanandoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokiomba siku ile, lakini kanuni ile imewasaidia wengi baada yake. Usikubali kuambiwa hukuchangia kitu. Na kama umeambiwa lazima mpite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ni kweli ndiyo njia ya kawaida kabla ya shauri la talaka, ila sheria inairuhusu mahakama kuiruka hatua hiyo pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida. Muulize wakili au msaidizi wa kisheria. Mashirika ya msaada wa kisheria ya TAWLA na WLAC yamekuwa yakiwasaidia wanawake katika mambo haya kwa miaka mingi.

Hapa naomba mnisikilize taratibu.

Kuondoka ni saa ya hatari. Kwa mtu ambaye alichokuwa anakitaka ni kutawala, siku unayobeba begi ndiyo siku anayopoteza kila kitu. Septemba 2024 mkimbiaji wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris wiki tatu kabla, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, na mwanaume ambaye walikuwa wameshaachana. Alifariki hospitalini Eldoret baada ya siku chache. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni kubeba nguo tu. Usimtishie kwamba utaondoka. Usimwage siri kwenye ugomvi. Panga kimya kimya.

Kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kadi ya bima: vipige picha, umpelekee mtu unayemwamini, kisha ufute kwenye simu yako. Kama unaweza, nakala zikae kwake. Weka nauli mahali ambapo hapekui. Chagua jirani mmoja mpeane ishara. Ukimtuma mtoto kuomba chumvi usiku, anajua chumvi haitakiwi. Ugomvi ukianza, usikimbilie jikoni wala chumba kisicho na mlango wa pili. Mfundishe mtoto mkubwa akimbilie nyumba gani, na mwambie asijitie katikati. Watoto wetu wa kiume wanajitia katikati wakiwa na miaka tisa, kumi.

Na kuna jambo moja nataka ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Kama amewahi kukukaba koo, hata kwa sekunde chache, hata kama hakukuacha na alama, hali yako ni ya hatari kubwa. Watafiti wa Marekani, muuguzi Jacquelyn Campbell akiwa mmoja wao, walionyesha mwaka 2008 kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana hatari ya kuja kuuawa na mwenzi huyo inayozidi mara 7 ya yule anayepigwa bila kukabwa. Tena koo lililokabwa linaweza kuvimba kwa ndani saa kadhaa baadaye. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme wazi, "nilikabwa."

Ukiumizwa na hali si ya kufa na kupona, pita kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu ya PF3. Fomu hiyo ni bure, usilipe. Kama unavuja damu au hupumui vizuri, nenda hospitali kwanza. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri unawapata mahali pamoja, usirudie hadithi yako milango minne. Kama ulilazimishwa kingono, fika ndani ya saa 72 ili upewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Mapema zaidi ni bora zaidi. Namba ya dharura ya polisi Tanzania ni 112. Ya watoto ni 116, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mlioko Kenya, piga 1195.

Watoto, sasa. "Nabaki kwa ajili yao." Ninaiheshimu sababu hii, na sitakuambia ni ya kipumbavu. Ila usijidanganye kwamba wamelala. Mtoto aliye chumba cha pili anasikia kila kitu, na anachokisikia kinakaa mwilini mwake. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998 na Vincent Felitti na wenzake uliweka kumwona mama akipigwa kwenye orodha moja na mtoto kupigwa yeye mwenyewe, ukakuta mambo hayo yanapolundikana yanamfuata mtu ukubwani, kwenye ulevi, kwenye sonona, hadi kwenye magonjwa ya moyo. Hii haimaanishi mwanao wa kiume atakuwa mpigaji. Wengi hawawi. Kinachowasaidia ni mtu mzima mmoja anayewaambia ukweli: "Kilichotokea jana ni kosa, na si kosa lako." Anza na hilo hata kama bado hujaondoka.

Na wewe unayepiga, kama ukurasa huu umekufikia, nina maneno na wewe pia, shemeji. Machozi yako nayaamini. Siyakubali kama malipo. Anayebadilika anasema alichofanya bila kuongeza "lakini na wewe." Hamwombi mkewe afute kesi. Hamwekei siku ya mwisho ya kusamehe. Anamwacha akae kwao miezi kama anataka, na hela ya watoto inafika kila wiki bila masharti. Anakwenda mwenyewe kutafuta ushauri, na anaendelea hata pale mke anaposema harudi. Ukiona umeanza kukasirika kwa sababu umeomba radhi wiki mbili na bado hujasamehewa, jua ile radhi ilikuwa ya kumrudisha ndani.

Mashoga na majirani, msimwambie "mimi ningeshaondoka." Kila mkisema hivyo anapunguza jambo moja la kuwaambia, na mume wake anapata alichokuwa anakitafuta. Mwambie unamwamini. Muulize leo anahitaji nini, na leo anaweza kuhitaji tu mtu wa kukaa na mtoto saa mbili. Atarudi kwa mumewe, pengine zaidi ya mara moja, na mlango wako usifungwe kwa sababu hiyo. Kampala, Uganda, shirika la Raising Voices liliwafundisha watu wa kawaida wa mitaa ya Rubaga na Makindye kuzungumza na majirani zao kuhusu nguvu na matumizi yake, kwenye mradi walioupa jina la Kiswahili, SASA!. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kipigo kutoka kwa wenzi kilikuwa chini kwa asilimia 52 katika maeneo hayo kuliko maeneo ambayo mradi haukufika. Walioifanya kazi ile walikuwa majirani, wakizungumza na majirani.

Namalizia na wazazi, kwa sababu najua siku itafika watakuja wajumbe. Binti yenu yuko kwenu wiki ya pili, na upande wa pili wametuma wazee, wamekuja kwa heshima, wameleta sukari na maneno mazuri, mkwe amekaa nyuma kainama. Wapokeeni, wapeni chai. Lakini binti asilazimishwe kutoka chumbani kuja kukaa kwenye mkeka mbele yao na kusema amesamehe. Wazungumze na nyinyi. Waulizeni alichofanya, na waacheni waseme wenyewe kwa maneno yake halisi, alimpiga kwa kitu gani, wapi, mara ngapi, alimkaba au hakumkaba. Wakisema "ni mambo ya ndani tu," waambieni mmewasikia, sukari warudi nayo, na binti bado yupo.